Hajaomba PIN, Lakini Ameona Kila Kitu

Tuseme una duka la nafaka hapa Eldoret, karibu na Uganda Road. Asubuhi umelipwa pesa za mahindi, na jioni unafaa kumlipa mkulima wa Moiben. Simu inalia. Sauti ni ya upole: "Mteja wetu, habari ya leo? Kuna muamala wako umekwama, tunataka kukusaidia." Haulizi PIN. Anakuomba tu upakue programu fulani, umsomee namba inayotokea kwa skrini, halafu ubonyeze kitufe cha kukubali.

Wengi wetu tunajua PIN haipewi mtu. Kwa vile huyu hajaiuliza, tunaona hakuna shida. Kumbe shida imeanzia hapo.

Hizi programu hufanya nini?

Programu kama AnyDesk na TeamViewer, zote za kutoka Ujerumani, zina kazi yake halali. Fundi akiwa Nairobi anaweza kurekebisha kompyuta ya ofisi iliyo Eldoret bila kupanda matatu. Ile namba ni kama anwani ya kifaa chako. Ukishakubali, aliye upande wa pili anaona skrini yako. Ukimpa ruhusa zaidi, anabonyeza na kuandika kana kwamba kifaa kiko mkononi mwake.

Sasa, hata asipoweza kubonyeza chochote, kuona tu kunamtosha. SMS ya namba ya uthibitisho ikiingia, mnaisoma pamoja. Kisha atakwambia, "Hebu angalia salio, tuone kama pesa imerudi." Ukiandika PIN mahali ambapo tarakimu zinaonekana, ameshaipata. Hukumwambia kwa mdomo, ila umemwonyesha.

Jikinge hivi

- Sisi hatutakuomba kamwe upakue programu ya kuona au kuendesha simu yako kutoka mbali. Anayekuomba hivyo, hata akijua jina lako, si wetu. Kata simu.
- Usiendelee na mazungumzo "kuthibitisha". Kata kwanza, kisha piga mwenyewe namba yetu rasmi ya huduma kwa wateja.
- Ukihitaji fundi wa kompyuta, awe mtu unayemjua na wewe ndiye uliyemtafuta. Funga kwanza kurasa na programu zote za pesa, kaa hapo ukiangalia anachofanya, na akimaliza hakikisha umekata muunganisho.
- Waeleze pia wazazi na wafanyakazi wako wa duka. Mara nyingi simu ya biashara hushikwa na mtu mwingine.

Je, kama ushakubali?

Usione haya, na usipoteze muda. Fuata hatua hizi:

1. Zima data na Wi-Fi mara moja. Bila intaneti, hawezi kuona tena.
2. Toa laini, iweke kwenye simu nyingine unayoiamini, kisha ubadilishe PIN ukitumia hiyo. Usibadilishe kwenye simu ile ile kabla haijasafishwa.
3. Tupigie tuangalie miamala yako. Uliza pia kama kuna mkopo umechukuliwa kwa jina lako.
4. Ondoa ile programu, na kama hujui simu imeguswa wapi, mpelekee fundi.
5. Badilisha nywila ya barua pepe na ya benki.
6. Piga ripoti kituo cha polisi na uhifadhi SMS zote pamoja na namba iliyokupigia.

Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inasema anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Lakini kesi huchukua muda, na pesa ikishatolewa kwa wakala ni ngumu kuirudisha. Mkulima wa Moiben naye anangoja malipo yake jioni hiyo hiyo.

Kwa hivyo mtu akikuharakisha, wewe punguza mwendo. Kukata simu hakukugharimu hata shilingi moja.