Mchumba wa Karne Nyingine

Mtazamaji wa Tanzania ameshazoea kuwapenda watu waliokufa zamani. Azam TV ilipoonyesha Sultan, tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Sultani Suleiman na mkewe Hurrem wa karne ya 16 walisemezana kama majirani zetu. Kabla yake kulikuwa na vibanda umiza, ambako msimulizi Lufufu wa Dar es Salaam aliisimulia upya filamu ya Titanic kwa Kiswahili, akiongeza chumvi na mafumbo yake mwenyewe. Kwa hiyo hatuna sababu ya kudhani kwamba mambo ya kale humchosha mtu wetu. Hata hivyo, tamthilia zetu za mapenzi, kuanzia Huba hadi Juakali, zimejikita kwenye nyumba na mitaa ya leo. Mapenzi yanayovuka wakati, ambapo mmoja anaishi sasa na mwenzake ni wa karne iliyopita, tumewaachia Wachina, Wakorea na Wamarekani. Hoja yangu ni kwamba aina hii ya hadithi inatufaa kuliko tunavyodhani, na kwamba mojawapo ya malighafi zake bora kabisa iko wilayani Handeni, mkoani Tanga.

Tuanze na jinsi hadithi hizi zinavyofanya kazi. Katika Bu Bu Jing Xin, tamthilia ya China ya mwaka 2011, mfanyakazi wa ofisini anapata ajali na kuzinduka katika mwili wa binti wa enzi ya mfalme Kangxi. Kwa kuwa amesoma historia, anajua ni mwana yupi wa mfalme atakayerithi kiti na ni wepi watakaoangamia. Kila mwanamume anayemkaribia ni mtu ambaye mwisho wake ameshausoma kitabuni. Miaka mitano baadaye Wakorea waliihamishia hadithi hiyohiyo katika enzi yao ya Goryeo, na ikakubali. Katika tamthilia za kawaida kizuizi cha mapenzi ni mtu: baba mkali hulainika, mahari hupunguzwa, mama mkwe huombwa radhi. Tarehe haihongeki. Ndiyo maana mapenzi haya huuma, kwani mtazamaji anajua pamoja na mhusika kile ambacho mpenzi mwenyewe bado hajakijua.

Kuna atakayesema huo ni upuuzi wa kigeni, usio na asili kwetu. Mtu huyo amesahau chuo alichosomea. Mtoto wa Kiislamu wa Misima ya Handeni, Korogwe au Pangani huisikia mapema habari ya Watu wa Pangoni, vijana waliolala miaka 309 wakaamka na kutuma mwenzao sokoni na fedha za zamani. Inatoka katika Surat al-Kahf, ambayo Waislamu wengi huisoma kila Ijumaa. Mwaka 1933 mwandishi wa Misri, Tawfiq al-Hakim, aliichukua habari hiyo akaandika mchezo wa jukwaani ambamo mmoja wa waliolala anarudi kumtafuta binti mfalme aliyempenda, akamkuta mwingine mwenye jina na sura ileile, ilhali mchumba wake amekwisha kufa karne tatu nyuma. Mapenzi ya kuvuka wakati, basi, yamekaa katika fasihi ya Waislamu kabla televisheni haijafika kwetu. Na mkoani Tanga, ambako ngoma za pepo na matambiko vinajulikana kila kona, wazo kwamba mtu wa kale anaweza kusema na aliye hai halihitaji maelezo marefu.

Sasa tuitazame Handeni. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Wazigua, ambao ndio wenyeji wa Handeni. Simulizi zinaeleza jinsi watu walivyoteremka pwani kutafuta chakula, wakaahidiwa kazi ng'ambo, wakapanda majahazi, kumbe wameuzwa. Walishushwa pwani ya Benadir, katika Somalia ya leo, wakalimishwa mashamba. Baadaye wengi walitoroka wakitaka kurudi kwao, wakiongozwa, kwa mujibu wa simulizi zao, na mwanamke mwenye maono aliyeitwa Wanakhucha. Safari iliishia bonde la mto Juba, na huko walikaa vizazi kadhaa bila kuiacha lugha yao ya Kizigua. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991 na vita kuwasambaratisha, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu na kisha makazi ya Chogo, na wengi wakapewa uraia. Waliingia nchi ambayo hawakuwahi kuiona, na bado wakasikilizana na wenyeji kwa lugha ya mababu wao wa pamoja.

Mwandishi wa tamthilia angetaka nini zaidi? Tumfikirie mfanyabiashara wa mahindi wa kata ya Misima, mwanamke wa leo, aliyejuana na familia moja ya Chogo na kuzisikia habari zao. Kwa njia ya ndoto au pepo anakutana na kijana wa mwaka wa njaa, anayejiandaa kuteremka pwani. Yeye anajua jahazi lile linakwenda wapi. Akinyamaza, anamwacha mpenzi wake auzwe. Akimzuia, huenda kijana atakufa kwa njaa, na watoto wa Chogo anaowauzia unga hawatazaliwa kamwe. Kuna pia swali ambalo mzee yeyote angeliuliza kwanza: kijana ni wa ukoo gani? Huenda mchumba ni babu. Hakuna mshenga awezaye kulitatua hilo kwa kuvuka karibu miaka 200. Hadithi ya namna hii ingemfundisha kijana habari za utumwa kwa undani ambao aya mbili za kitabu cha shule haziwezi kuufikia, kwa sababu angelazimika kuchagua pamoja na mhusika.

Pingamizi la fedha ni la kweli, lakini halina uzito unaodaiwa. Filamu ya televisheni ya Marekani, The Love Letter ya mwaka 1998, iliwaunganisha wapenzi wa enzi mbili kwa dawati la kale lenye droo ya siri na barua zinazopita humo. Haikuhitaji mashine ya kusafiria wakati. Kwetu, nusu ya hadithi ingepigwa Misima ya leo, yenye simu na bodaboda. Nusu nyingine ingehitaji kibanda, kinu, pori na nguo chache.

Pingamizi zito zaidi ni la ukweli. Aprili 2011 mamlaka ya utangazaji ya China ilizikosoa tamthilia za aina hii kwa kuichezea historia, na mtu anaweza kuongeza kwamba kuweka mapenzi katikati ya biashara ya watumwa ni kuipaka sukari. Hofu hiyo ina msingi: tamthilia nyingi hugeuza zamani kuwa duka la mavazi. Lakini dawa imo ndani ya kanuni ileile ya tarehe isiyohongeka. Mwandishi akikataa kumfanya mhusika wake kuwa mwokozi, jahazi litaondoka, na hakuna busu litakaloifuta safari ile. Sukari huingia pale tu mwandishi anapoogopa kumwumiza mtazamaji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtayarishaji ni kukaa na wazee wa Chogo na wa Misima, kwa ridhaa yao, kabla hajamwita fundi wa mavazi. Atakayeitazama tamthilia hiyo kwa jicho kali kuliko wote ni yule ambaye mababu zake ndio waliopanda jahazi, na yeye hatadanganyika kwa kilemba kizuri.