Je, Wajua? Ushungi, Kanzu na Katiba Kuanzia Palma Hadi Maputo

Je, wajua kwamba Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inamlinda mwanamke wa Palma anayejitanda ushungi, na vilevile jirani yake anayetembea kichwa wazi? Ibara ya 12 inasema dola haina dini. Ya 54 inampa kila raia uhuru wa kufuata dini au kutofuata yoyote.

Iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya 56. Inasema sheria haiwezi kubana haki ila pale Katiba yenyewe iliporuhusu, na sheria hiyo iwahusu watu wote bila kulenga kundi, wala isirudi nyuma kumnasa mtu kwa jambo la jana. Kwa kipimo hicho, amri ya mdomo ya askari kwenye kizuizi cha barabarani haitoshi kumvua mtu kofia.

Kipimo hicho kilihitajika sana baada ya kundi la wapiganaji wanaoitwa mashababi kuvamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, tarehe 5 Oktoba 2017. Ripoti za Marekani kuhusu uhuru wa dini zilitaja malalamiko kwamba watu wa Cabo Delgado walikamatwa kwa sababu ya mavazi na ndevu. Inauma, kwa sababu mashehe wa mkoa huo walikuwa wameionya serikali mapema juu ya kundi hilo. Kumshuku mtu kwa kanzu yake ni kumshuku aliyetoa onyo.

Wajua pia kwamba mwaka 1996 Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria ya kuzifanya Idi mbili sikukuu za taifa, kisha Mahakama ya Juu ya nchi ikaikataa kwa kuwa dola haina dini? Hata hivyo, tarehe 25 Desemba, siku ya Krismasi, ni mapumziko, kwa jina la Siku ya Familia. Waislamu wa pwani wana haki ya kuuliza juu ya hilo.

Suala la mavazi ya dini limefika mahakamani kwingine pia. Nchini Kenya, Mahakama ya Rufani iliruhusu hijabu katika shule moja ya Isiolo mwaka 2016 na kuiagiza wizara itunge kanuni baada ya kushauriana na wahusika. Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo mwaka 2019, kwa dosari ya namna madai yalivyofikishwa mahakamani.

Na Oktoba 2018, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba Ufaransa, kwa kuwatoza faini wanawake wawili waliovaa nikabu, ilivunja haki zao, kwani haikuthibitisha kuwa katazo lake la kufunika uso hadharani lilikuwa la lazima. Mkataba uliotumika ni uleule ambao Msumbiji ilijiunga nao mwaka 1993.