Wakili wa Watia Makaa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii yawafaa sana wale watakao kazi ya uwakili, kwa maana njia yake ni ndefu, wala haina mkato. Watu wengine hudhani ya kuwa wakili ni mtu mwenye maneno mengi tu, ajuaye kusema kwa ukali mbele ya hakimu. Sivyo. Tazameni habari za Charles Hamilton Houston, wakili mweusi wa Marekani, nanyi mtafahamu kazi hiyo yataka nini.

Houston alizaliwa katika mji wa Washington mwaka 1895, na baba yake alikuwa wakili. Akasoma katika chuo cha Amherst, akamaliza mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akawa afisa wa jeshi, akapelekwa Ufaransa. Huko aliona jinsi askari weusi walivyodharauliwa na wenzao weupe, ingawa wote walikuwa chini ya bendera moja. Basi akakusudia kwamba, akirudi salama, atajifunza sheria, apate kuwatetea wanaoonewa.

Mwaka 1919 akaingia Harvard kusoma sheria, akapata shahada mbili. Mwaka 1924 akakubaliwa kuwa wakili, akafanya kazi pamoja na baba yake. Tangu mwaka 1929 akasimamia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard. Huko aliwafundisha vijana weusi kwa bidii nyingi, naye hakuvumilia uvivu hata kidogo. Mmoja wa wanafunzi wake, Thurgood Marshall, mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa hakimu wa Mahakama Kuu ya Marekani.

Sasa sikilizeni kesi moja aliyoisimamia. Zamani zile magari ya moshi yalikwenda kwa makaa, na kutia makaa tanuruni kulikuwa kazi ya joto na jasho. Sheria ya reli ilisema kwamba chama kilichochaguliwa na walio wengi ndicho kitakachosema na makampuni kwa ajili ya watia makaa wote. Lakini chama hicho hakikuwapokea watu weusi. Tena mwaka 1941 kikafanya mapatano na makampuni ili watu weusi wapunguzwe, na kazi njema wapewe weupe.

Bester William Steele, mtia makaa mweusi wa Alabama, akaondolewa katika nafasi yake, akawekwa mtu mweupe aliyeanza kazi nyuma yake. Steele akakaa siku 16 bila kazi, kisha akapewa kazi nzito kuliko ile ya kwanza, yenye saa nyingi na mshahara mdogo.

Houston akamtetea. Mahakama za Alabama zikakataa maneno yake, asivunjike moyo, akaipeleka kesi mbele ya Mahakama Kuu. Hoja yake ilikuwa wazi. Mnyapara wa safari akipewa posho ya wapagazi wote, hana ruhusa kuwapa ndugu zake tu na kuwaacha wengine na njaa, maana posho ile si mali yake. Vivyo hivyo, chama kilichopewa na sheria uwezo wa kusema kwa ajili ya wote, sharti kiwatendee wote haki, hata wale wasio wanachama. Tarehe 18 Desemba 1944 mahakimu wakaikubali hoja hiyo, Steele akashinda.

Hata hivyo chama hakikulazimishwa kuwapokea watu weusi. Jambo hilo likangoja sheria ya mwaka 1964, wala Houston hakuiona, kwa kuwa alifariki mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 54.

Basi, fikirini. Tangu Houston aingie shule ya sheria hata siku ya hukumu ile ilipita miaka 25. Hakushinda kwa kelele. Alishinda kwa kuisoma sheria neno kwa neno, hata akaona kwamba sheria ile ile iliyotumiwa kumwonea Steele ndiyo iliyoweza kumwokoa. Atakaye kuwatetea wenzake kesho, na aanze leo kusoma kwa makini.