Kafala: Kuipanga Nyumba Kabla ya Kumpokea Yatima

Kulea mtoto usiyemzaa si jambo geni Pwani. Nyumba nyingi za Mji wa Kale na za Lamu zimekuza watoto wa ndugu na wa jirani. Hata hivyo, sisi mume na mke tulipoazimia kuwachukua mayatima wawili tusio na nasaba nao, mvulana wa miaka 9 na dada yake wa miezi 7, tuliona kwamba nia njema peke yake haiweki mlango pasipo na mlango.

Nyumba yetu ya Kisauni ina vyumba viwili, ukumbi, na kijichumba cha nyuma kilichojaa majamvi na masufuria ya shughuli. Majirani walitushauri tununue kitanda na chandarua, kisha tuwape watoto jina letu ili wasahau walikotoka. Kitanda tulinunua. Jina hatukuwapa.

Suratul Ahzab imeamrisha walelewa waitwe kwa majina ya baba zao. Kwa hukumu hiyo Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad (S.A.W.), alirudishiwa jina la Haritha, baba yake, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Tulikuwa tumeyasoma hayo tangu chuoni, lakini uzito wake tuliuhisi siku mvulana alipotuuliza, "Nikija kwenu, nitaitwa nani?" Tulimjibu kwamba ataitwa jina lake na la marehemu baba yake, skuli na madrasani. Akanyamaza, akamaliza mkate wake wa sinia, kisha akauliza kama mtaani kwetu kuna uwanja wa mpira.

Karatasi nazo ni sehemu ya nyumba. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitaja kafala kwa jina lake, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 uliitambua kabla yake, katika kifungu cha 20. Basi hapana haja ya kupokea mtoto kwa mdomo tu. Wako waliofanya hivyo, na siku ya kutakiwa hati ya mtoto hawakuwa na cha kuonyesha. Tuliwaendea afisa wa watoto na kadhi mapema.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni stara. Mvulana huyu akibaleghe hatakuwa maharimu wa mama wa nyumba. Kulelewa hakubadilishi hukumu hiyo. Kwa hiyo majamvi yalihamishwa, na kijichumba kikawa chake, kikatobolewa dirisha. Tumeanza pia kujizoeza, hata kabla hajafika, kubisha hodi katika nyakati tatu zilizotajwa katika Suratun Nur: kabla ya alfajiri, wakati wa kujipumzisha adhuhuri, na baada ya isha. Tukiri kwamba watu wazima ndio wazito wa kujifunza.

Kwa mtoto mchanga, njia ilikuwa nyingine. Dada wa mume ananyonyesha, naye kwa ridhaa ya mumewe amekubali kumnyonyesha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, manyonyesho 5 ya kushiba kabla ya kutimia miaka 2 ya mwandamo huthibitisha udugu wa maziwa. Hivyo mume wa nyumba atakuwa mjomba wake. Kila nyonyo itaandikwa tarehe, na majina ya mashahidi, kwani wasioandika huja kugundua wakati wa posa kwamba bwana na bibi harusi ni ndugu.

Katika daftari hilohilo tumefungua ukurasa wa mali yao: pete ya dhahabu ya mama yao, baiskeli, na michango iliyosalia baada ya matanga. Pete imewekwa kwenye kasha lenye kufuli, mbali na vitu vyetu. Hawataturithi kisheria, hivyo tumewaandikia wasia, usiozidi thuluthi, na ndugu zetu tumewasomea waziwazi. Mmoja alinuna. Ni afadhali anune sasa tungali hai.

Bibi yao mzaa mama, ambaye uzee umemzuia kuwalea, atakuja kila Ijumaa baada ya swala. Kiti chake kimeshawekwa ukumbini. Kilichosalia ni komeo la mlango wa mvulana. Fundi ameahidi Jumamosi, na watoto wanafika Jumapili.