Ukiingia Ndani GPS Inalala: Simu Inajuaje Uko Ghorofa Gani?

Msee, uko ndani ya jengo Maua taoni, umetumia mtu wa boda lokesheni, na kadoti ka bluu kanasema uko stage. Simu haijachizi. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,000 hivi juu, na mawimbi yakifika kwa slabu yanakuwa yameisha nguvu.

So simu inaita mashahidi. Sensa ya mwendo inahesabu hatua, lakini kila hatua inaongeza kosa kidogo. Wi-Fi inakisia uko wapi, lakini inaruka-ruka. Sensa ya presha ya hewa, kama simu yako iko nayo, inaskia ukipanda ngazi. Hesabu kama ile Rudolf Kalman alitoa 1960 inawapima wote: mwenye anaaminika saa hiyo ndiye anaskizwa zaidi.

Roboti za kubeba msosi, kama za ile café ya Nairobi ilivuma 2024, kawaida hucheza hivyo pia: leza, kamera na mizunguko ya magurudumu.

Hii si ya kujibamba tu. Moto ukiwaka, waokoaji wanataka ghorofa, si jengo tu. Ukipiga simu ya dharura, taja jengo, ghorofa na mlango. Usiachie kadoti.