Kabla Hujang'oa Dramu za Nyuma

Wenye pikapu wanaobeba mzigo wa kweli, viazi kutoka Njombe au mbao kutoka Mafinga, huja gereji na swali moja: tung'oe dramu za nyuma tufunge diski? Swali ni la haki. Toyota Hilux nyingi zilizo kwenye barabara zetu zina diski mbele na dramu nyuma, na siku pedali ikizama kuliko jana, cha kwanza kulaumiwa ni dramu. Mara nyingi inasingiziwa.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua pikapu yenye tani 2.5 pamoja na mzigo wake. Ikisimama kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, inazalisha joto la takriban kilojuli 620. Sasa iteremshe mlima unaoishusha mita 400 kwenda chini, dereva akiizuia isiongeze mwendo: hapo joto la kutafutiwa pa kwenda ni karibu kilojuli 9,800. Ni kama kuisimamisha gari hiyo kutoka kilomita 80 mara kumi na sita, moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Injini na upepo vinachukua sehemu yake, na dereva anayeshuka mlima Kitonga kwa gia nzito anavipa sehemu kubwa. Anayeshuka kwa gia nyepesi huku mguu umelala kwenye pedali anaziachia breki karibu kazi yote.

Udhaifu wa dramu unajitokeza hapo. Imejifunika, kwa hiyo joto linabaki ndani. Chuma kikipata moto kinatanuka, na dramu ikitanuka inazikimbia shuu zake. Pedali inashuka, dereva anakanyaga zaidi, joto linazidi. Diski iko wazi kwenye upepo, na ikitanuka inanenepa kuelekea kwenye pedi. Kwenye maji pia diski inashinda: ukivuka mto, mizunguko michache inatosha kuikausha, lakini dramu inabaki na maji na mchanga unaosaga shuu kwa siku kadhaa.

Ubora huo haujaanza jana. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa gari aina ya C-Type lenye diski, na tangu hapo diski zikaenea kwenye magari ya kawaida, mbele kwanza. Hata hivyo dramu za nyuma hazikufa, na sababu si bei peke yake. Dramu inapozunguka inaivuta shuu iliyotangulia na kuibana zaidi, hivyo breki inajiongezea nguvu yenyewe. Diski haina msaada huo. Inategemea shinikizo la mafuta tu. Halafu kuna breki ya mkono: shuu zilizokazwa ndani ya dramu hushikilia gari lenye mzigo mlimani vizuri sana, kwa waya tu. Volkswagen ID.4, gari la umeme lililotoka mwaka 2020, lina dramu nyuma. Wakati huohuo Toyota iliifungia Hilux Rogue ya Australia diski za nyuma mwaka 2022. Wahandisi wa pande zote mbili wanajua wanachofanya.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye pikapu alielewe kabla ya kutoa fedha ni hili: ukikanyaga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele. Magurudumu ya mbele yanakandamizwa ardhini na ya nyuma yanakuwa mepesi. Kwenye pikapu tupu, ambayo nyuma haina kitu ila bodi, wepesi huo ni mkubwa mno. Gurudumu la nyuma likijifunga kabla ya la mbele, mkia wa gari unataka kupita mbele, na kwenye lami yenye maji dereva hana muda wa kuurudisha.

Kwa sababu hiyo Hilux nyingi zimewekewa vali inayopima mzigo. Iko chini ya gari upande wa nyuma, na fimbo yake imeunganishwa na ekseli. Mzigo ukiingia, springi zinalala, fimbo inasukuma vali, na breki za nyuma zinaruhusiwa shinikizo zaidi. Gari likiwa tupu linanyanyuka, vali inapunguza. Kifaa hiki ni kidogo na mafundi wengi hawakigusi kabisa, lakini uamuzi wa kiasi gani nyuma ishike unafanyika hapo.

Sasa fikiria tunavyoyatendea magari haya. Tunaongeza majani ya springi ili yabebe kuliko yalivyoundwa, au tunayainua ili yapite kwenye makorongo. Gari likiwa juu, fimbo inaiambia vali kwamba hakuna mzigo, hata kama nyuma kuna tani nzima ya viazi. Breki za nyuma zinanyimwa shinikizo, za mbele zinabeba kazi yote hadi zinanuka, na mwenye gari anarudi nyumbani akisema dramu hazishiki. Kurekebisha fimbo ile ni kazi ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo kuliko diski moja.

Mengine ya kukagua kwanza ni sili ya ekseli, ambayo ikivuja inamwaga oili ya difu juu ya shuu. Urekebishaji wa shuu zenyewe, kwa sababu vifaa vya kujirekebisha hushikwa na kutu. Na mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu. DOT 3 mpya inatakiwa kustahimili nyuzi joto 205 au zaidi kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka mlimani yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea: pedali inakwenda hadi sakafuni. Diski za bei yoyote haziwezi kukuokoa na mafuta yaliyochoka.

Kama yote hayo yako sawa, na kila wiki unateremka milima na mzigo au unavuka mito, basi badiliko lina maana. Lifanywe kamili. Kwenye Hilux ya dramu beringi ya ekseli imekandamizwa kwa presi, kwa hiyo kutoa bamba la nyuma la dramu si kazi ya nyundo. Kishikio cha kalipa kiwe kimetengenezwa kwa ekseli hiyo na kifungwe kwa bolti. Gari lenye vishikio vilivyochomelewa mtaani nisingemruhusu mtu yeyote alipande. Pima pia rimu, maana rimu ndogo inaweza kugusa kalipa.

Kisha mafuta. Silinda ya dramu yenye pistoni mbili za milimita 22 ina eneo la jumla la milimita za mraba 760 hivi. Pistoni moja ya kalipa yenye milimita 48 inafikia 1,810. Masta silinda iliyopimwa kwa dramu inaweza kushindwa kuijaza, na pedali ikawa ndefu. Baadhi ya masta silinda za zamani zina kivali kinachobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu za dramu. Kikiachwa, pedi hazitaachia diski na zitaungua ukiwa safarini. Vali ya mzigo nayo ipimwe upya, kwa kuwa ilipangwa kwa breki zinazojiongezea nguvu. Gari lenye ABS ni gumu zaidi: kompyuta yake imefunzwa tabia ya dramu, na kwa gari la namna hiyo ushauri wangu ni kuacha.

Breki ya mkono ndiyo inayosahauliwa kuliko yote. Chagua diski zenye dramu ndogo katikati kwa ajili yake, au kalipa zenye mkono wa waya. Mtu akikwambia utakuwa unaweka jiwe chini ya gurudumu, ondoa gari lako kwake siku hiyohiyo. Kampuni yako ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi.

Kazi ikiisha, toeni hewa, lainisheni pedi kwa kusimama polepole mara kadhaa, kisha nendeni kwenye uwanja wa changarawe usio na watu. Gari likiwa tupu, kwa mwendo wa kilomita 30, kanyaga kwa nguvu huku mtu akitazama kwa mbali. Magurudumu ya mbele lazima yajifunge kwanza. Yakitangulia ya nyuma, gari lirudi gereji, na lisiingie barabarani mpaka lirekebishwe.