Mpita Njia Naye Ana Haki

Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ina jina kubwa katika historia ya ukombozi wa bara letu. Hapo ndipo walipopiga kambi, kuanzia mwaka 1964, wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini, Msumbiji, Namibia na Zimbabwe, watu waliovuka mipaka bila ruhusa ya wakoloni. Taifa halikuwaita wahalifu. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Chitego, mwezi Juni 2012 iliokotwa porini miili ya Waethiopia zaidi ya 40. Walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori lililokuwa likiwapeleka kusini, kisha wakatupwa kama mzigo uliooza.

Vijana hawa wengi hutoka Hadiya na Kambata, kusini mwa Ethiopia. Shabaha yao si Tanzania. Huingia kwa upande wa Kenya, wakashika njia ya Mbeya na Malawi, ili wafike Afrika ya Kusini wakachuuze na kuwapelekea wazazi wao chochote. Wakikamatwa, hushtakiwa chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995.

Hatusemi kwamba mipaka iachwe wazi. Nchi isiyojua ni nani aliyeingia kwake haijitawali. Lakini mtu asiyejua ila Kihadiya akisomewa mashtaka kwa Kiswahili, kisha akaitikia kwa kichwa, je, amekiri kosa au ameitikia salamu? Ibara ya 13 ya Katiba yetu yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na mkalimani ni sehemu ya kusikilizwa huko. Tena yawezekana katika kundi hilo yumo aliyekimbia kuuawa. Mkataba wa Afrika juu ya wakimbizi, wa mwaka 1969, wakataza kumrudisha mtu kwenye hatari ya namna hiyo. Hapana budi aulizwe kabla hajapakiwa garini, si baadaye.

Lililo zito zaidi ni hili. Kifungo kina siku yake ya mwisho, lakini mgeni aliyekimaliza aweza kubaki gerezani kwa sababu hana nauli, au ubalozi haujampa hati ya safari. Sasa anatumikia kosa gani, kama si umaskini? Januari 2021, Rais Magufuli alipompokea Chato Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia, alitangaza kuwasamehe Waethiopia 1,789 waliofungwa nchini. Ulikuwa uamuzi wa kiungwana. Hata hivyo msamaha wa Rais hauwezi kushika nafasi ya utaratibu. Yafaa pawe na muda maalumu wa kumrudisha mtu kwao, naye akae nje ya gereza wakati akingoja.

Na mwenye lori je? Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, lilifunguliwa kontena wakakutwa humo Waethiopia 64 wamekwisha kufa. Abiria wa namna hii huuza ng'ombe na shamba la nyumbani ili kumlipa mtu ambaye ni nadra kumwona kizimbani. Madereva na matingo wa barabara kuu wanajua mengi juu ya biashara hii, na abiria wenyewe wanajua zaidi. Basi wachukuliwe maelezo kama mashahidi, kwa lugha yao, kabla ya kurudishwa makwao.